Ukucha wa Papa Alexis

Constantin alisikia harufu ya nyama inayoungua, akadhani ni miguu ya mbuzi anayoibabua mama wa kibanda cha jirani, akaendelea na kazi yake. Umeme ulikuwa umerudi saa nane mchana baada ya kukatika siku mbili, na katika karakana zote za upande ule wa Katuba mafundi walikuwa wakichomelea vyuma kama watu wanaokimbizwa. Yeye alikuwa ameinamia geti la mteja, kioo cheusi usoni, mkono wa kulia ukiongoza moto na wa kushoto ukilituliza bomba. Alipomaliza mshono na kuinua kioo, ndipo alipoona kidole chake kidogo cha kushoto kimelala juu ya chuma kilichokuwa bado chekundu pembeni. Kimelala tu, hakuna neno jingine la kukieleza.

Hakukivuta kwa kushtuka. Alikiondoa polepole, kama mtu anayeondoa kikombe mezani, akakitazama. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe, na kandokando imeanza kuwa kahawia. Akasubiri maumivu. Watu walipita barabarani wakampungia na kumwita, "Champion! Siku ya Mungu, eh!" naye akawajibu kwa mkono wa kulia, wa kushoto akiwa ameuficha nyuma ya paja, akizidi kusubiri. Maumivu hayakuja. Akakifunga kidole kwa kitambaa, akaanza mshono wa pili.

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili, hiyo siku ya Mungu, angepanda ulingoni kugombea mkanda wa jimbo kwa mara ya nne, naye ana miaka thelathini na saba. Mara mbili alikuwa ameshindwa kwa pointi, mara moja kwa jicho lililovimba hata likafunga. Nafasi hii ya nne hakuna aliyeitarajia. Bondia aliyepangwa alivunjika kifundo mazoezini, wakamkumbuka mzee wa Katuba. Mtaani walimwita Muntu wa Chuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Kuna sifa ambazo ukizichunguza vizuri utaona ni laana iliyovaa nguo za Pasaka, lakini mwenye kusifiwa huwa hana muda wa kuchunguza.

Jioni hiyo mkewe, Wivine, alimletea maji ya kunawa kama ilivyo desturi, birika mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mjukuu wa watu wa reli kutoka kaskazini ya Katanga kama alivyo mumewe, na aliyapima maneno kama chumvi. Constantin alinyoosha mkono wa kulia peke yake. Wivine akasimama na birika lake, hamwagi. Mwishowe akaunyoosha na wa kushoto, na maji ya vuguvugu yakalowesha kile kitambaa.

"Papa Sephora, hii ni nini?"

"Chuma."

Akaweka birika chini. Akakifungua kidole, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akabonyeza palipoungua, na huku akibonyeza alikuwa akimtazama mumewe usoni badala ya kutazama kidole. Constantin alijua kwamba hapo alipaswa kukunja uso. Akakumbuka kwa kuchelewa, akaukunja.

"Acha bongo," Wivine akasema. Huko bongo ni uongo. "Tangu kipwa, tangu mvua ilikatika, nakuona unatoa nyungu ku moto wa mbabula na mukono mutupu. Nilikuwa nanyamaza, nasema labda atasema yeye mwenyewe."

"Nilisha kuzoea moto. Njo kazi yangu."

"Hakuna muntu anazoea moto."

Wakala bukari, ugali wa huko, na samaki. Sephora, binti yao, alikuwa kwa bibi yake wiki ile, na nyumba bila mtoto humwacha kila mtu na mawazo yake. Wivine alipomaliza, akakusanya sahani, akasimama nazo.

"Miye sikukatazi kupigana," akasema. "Nilikukataza miaka ngapi? Kinywa ilisha kuchoka. Naomba kintu moja tu. Papa Alexis akikufinya, umwambie kweli."

Constantin hakuahidi. Alisema tu kwamba samaki alikuwa mzuri.

Kufinywa huku kulijulikana na kila mtu aliyewahi kupigana chini ya Papa Alexis, na kwingine kokote watu wangekucheka ukiwasimulia. Papa Alexis alikuwa mzee wa miaka karibu sabini, fundi wa zamani wa mabehewa, mwenye ukucha wa dole gumba la kulia alioufuga na kuutunza kama kifaa cha kazi. Zamani sana alikuwa na kijana aitwaye Numbi. Katika raundi ya nane ya pambano moja Numbi alirudi kwenye kona akitabasamu, akasema hasikii chochote, yuko sawa kabisa, akapigana hadi mwisho na akashinda. Akaenda nyumbani, akala, akalala. Asubuhi hakuamka. Tangu siku hiyo Papa Alexis hakumwamini tena bondia asiyeumia. Kila baada ya raundi, kabla hata ya kumpa maji, aliukita ukucha wake katika nyama laini ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, na akauliza, "Iko?" Nawe ukiwa unasikia maumivu unajibu, "Iko." Asiyeruka, asiyejibu, mzee hurusha taulo, na hana mjadala.

Watu walio nje ya ulingo hudhani kwamba bondia hodari ni yule asiyeumia. Constantin alikuwa amewasikia wakisema hivyo kwenye vibanda vya bia, akawaacha. Yeye aliyafahamu maumivu ya ulingoni kama mtu anavyowafahamu majirani zake, kila mmoja na tabia yake. Ngumi ya pua huleta machozi ambayo si kilio, na aibu yake ni kubwa kuliko uchungu wake. Ngumi ya ubavu hukunyang'anya pumzi, kisha hukurudishia kwa vipande. Ya ini ndiyo yenye hila: inapotua husikii kitu, unapata hata nafasi ya kujisifu moyoni kwamba umepona, halafu miguu inakatika kama ya mtu mwingine. Ya taya haiumi kabisa; dunia inazimika na kuwaka, basi. Na mengi yaliyobaki hungoja nje. Mwili ukiwa umewaka, maumivu huwa na adabu, hukaa mlangoni mpaka umalize kazi, na kesho yake unapotaka kuvaa shati ndipo yanapoingia yote kwa pamoja na kudai viti.

Lakini hata yachelewe namna gani, yalikuwa yakija. Na yalikuwa na faida moja ambayo hakuna kocha anayeifundisha: yalimwambia mwili wake uko wapi. Bondia hatazami mikono yake. Anajua ulinzi wake uko juu kwa sababu ngumi zikiupiga anasikia zinapogonga.

Miaka miwili iliyopita, huko Kolwezi, alipigwa ngumi iliyomgeuza shingo kama kizibo. Alishinda siku ile. Baada ya wiki moja vidole vya kushoto vilianza kuwasha, baadaye vikafa ganzi, ganzi ikapanda kwenye kiganja, kwenye kiwiko, mpaka begani. Mkono ulitii bado. Ulikunja, ulinyoosha, ulipiga. Ulikuwa tu haumwambii kitu. Alikwenda kwa daktari mara moja, akaambiwa arudi na picha ya shingo, hakurudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na Constantin aliijua methali hiyo kama kila mtu, akaendelea kuficha kama kila mtu.

Ajabu ni kwamba mabondia wengine wote duniani hujifunza kuficha maumivu, na yeye alilazimika kujifunza kuyaigiza. Papa Alexis alianza daima na mkono wa kulia, na hilo lilimsaidia. Constantin alizingatia jinsi mkono wa kulia ulivyoruka, bega lilivyopanda, midomo ilivyojivuta, akayahifadhi. Ukucha ulipohamia kushoto, alihesabu moja kimoyomoyo, akayarudia yale yale. "Iko?" "Iko." Miaka miwili, mapambano matano. Mzee hakuwahi kusita. Na kumdanganya kulimwuma Constantin kuliko ngumi nyingi, kwani baba yake alipofariki ni Papa Alexis aliyekaa mahali pake siku ya kupeleka mahari kwa akina Wivine, akiwa amevaa koti la kuazima lililombana mabega.

Jumapili walikwenda misa ya kwanza, wote wawili. Wivine alirudi nyumbani kutoka kanisani. Hakuwahi kumtazama mumewe akipigana hata siku moja, na Constantin hakuwahi kumwomba. Walipoagana kwenye njia panda alimwekea kola sawa, akasema, "Kile kintu nilikuomba," akageuka.

Pambano lilikuwa saa tisa alasiri katika ua wa shule moja ya Katuba, jua likiwa bado kali na vumbi jekundu likipanda kila watu walipopiga miguu chini. Mpinzani aliitwa Plamedi, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Kasomeno, mrefu, mwenye adabu, aliyemsalimu kwa kuinamisha kichwa na kumwita yaya, yaani kaka. Alikuwa na mikono mirefu na haraka ya watu wasiojua bado kwamba nguvu huisha.

Raundi ya kwanza na ya pili Constantin alizitumia kutembea. Alimwacha kijana arushe, yeye akihesabu pumzi zake. Uchovu alikuja nao kutoka nyumbani. Haukuwa wa miguu wala wa mapafu, ulikuwa ule unaomkuta mtu aliyefanya jambo moja kwa miaka ishirini na bado analazimika kulifanya vizuri. Raundi ya tatu akapata njia ya ubavuni. Ya nne alipigwa pua, machozi yakamtoka, akaona aibu yake ya kawaida, akafurahi kidogo kuiona. Kila baada ya kengele ukucha ulikuwa pale. Kulia: akaruka. "Iko?" "Iko." Kushoto: moja, akaruka. "Iko?" "Iko." Papa Alexis akamnywesha maji, akamfuta uso, akamwambia maneno yale yale ya siku zote, kwamba asogee, kwamba asimame karibu, kwamba kijana anaacha tumbo wazi.

Katika raundi ya tano ngumi ya kulia ya Plamedi ilimpata kwenye paji la uso, juu ya ulinzi ambao Constantin aliamini uko. Iliyofuata ikapita pale pale. Ya tatu vilevile. Akajiuliza inawezekanaje, akateremsha macho haraka, akauona mkono wake wa kushoto uko kifuani, glovu imeshuka hadi karibu na mbavu, umetulia hapo kana kwamba umeambiwa upumzike. Akaupandisha. Kwa nusu ya raundi ya sita alikuwa na kazi mbili, kumtazama kijana na kuutazama mkono, na kila alipoutazama mkono alikula ngumi ya kichwa. Zilikuwa haziumi. Zilifanya sauti za watu ziende mbali na kurudi. Akaingiwa na hofu, hofu ya kweli, akapiga moyo konde.

Kisha raundi ya saba ikafanya jambo la ajabu. Walikuwa wamegandana kwenye kamba, wakaachana, Constantin akazungusha mwili kutafuta nafasi, na mara akaona Plamedi anashuka. Alidhani kijana ameteleza. Ua mzima wa shule ukalipuka kwa kelele, watu wakasimama juu ya madawati, na bado hakuelewa. Alipoangalia mbele yake aliona ngumi yake mwenyewe ya kushoto iko hewani, mahali palipokuwa na ubavu wa mtu. Ilikuwa imepiga. Ngumi nzuri kuliko zote za maisha yake ilikuwa imepita bila kumwambia.

Mwamuzi alianza kuhesabu. Plamedi alikuwa amepiga goti moja, mikono imekumbatia tumbo, mdomo wazi, uso wote umekusanyika mahali pamoja. Alikuwa anaumia. Alikuwa anaumia mwili mzima, hana anachoficha, na kwa kuumia huko alijua hasa alipopigwa, alipo, na kinachomlazimu kufanya: kukaa goti moja mpaka nane, kuvuta pumzi, kusimama. Constantin alimtazama kutoka kwenye kona ya mbali na akamwonea wivu. Hakuwahi kumwonea mtu wivu kiasi kile, si kwa mali wala kwa ujana. Kijana alisimama kwenye nane, na kengele ikalia.

Papa Alexis alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Raundi tatu, mwana wangu! Tatu tu! Njo tuko mbele, mukanda iko yetu!" Sifongo ilimponyoka, chupa ilidondoka, akaiokota. Nusura asahau desturi yake mwenyewe. Halafu akakumbuka, akaushika mkono wa kulia, akafinya, na Constantin akaruka.

"Iko?"

"Iko."

Akauhamisha ukucha kushoto. Constantin akainamisha macho na kuutazama ukizama kwenye nyama, ngozi ikibonyea, ikiacha alama ya mwezi mchanga. Moja, akahesabu. Mbili. Tatu. Hakuruka.

"Iko?" mzee akauliza.

"Haiko."

Papa Alexis akafinya tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii tone la damu likachomoza.

"Haiko, Papa," Constantin akasema. "Toka Kolwezi haiko. Mukono yote. Nilikuwa nakudanganya."

Alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alitazamia mzee apige kelele, au alie, au arushe taulo papo hapo, na ndani yake kulikuwa na sehemu iliyoomba taulo hilo lirushwe ili yaishe bila yeye kuyamaliza. Papa Alexis hakufanya lolote katika hayo. Aliendelea kumfuta shingo, taratibu, kama mtu anayefuta meza safi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ku kulia unaruka palepale. Ku kushoto unangoja kwanza, kisha unaruka." Hakumtazama. "Miaka mbili. Miye si mutoto."

Masikioni mwa Constantin kelele za watu zilikuwa zimepungua hadi kuwa mvumo. "Na uliniacha nipigane."

"Ulisema iko. Kila siku ulisema iko, na miye nilikuwa nataka kusikia ile neno." Midomo ya mzee ilicheza. "Constantin. Nakaribia makumi saba. Sijapata mukanda hata moja. Raundi tatu tu, utembee tembee, usikaribie, pointi ziko zetu. Kisha tunaenda kwa docteur, miye mwenyewe nakupeleka. Naapa."

Mwamuzi alikuwa amekuja kwenye kona, akainama, akauliza kama kila kitu kiko sawa.

"Ça va, arbitre," Papa Alexis akajibu upesi. "Iko muzuri."

Constantin alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Alimtazama mzee, mishipa ya shingo yake nyembamba, jasho kwenye mvi za kidevu, na akaona kwamba wao ni watu wawili waliokuwa wakisaidiana kubeba uongo mmoja kwa miaka miwili, kila mmoja akidhani amebeba peke yake. Alimpenda bado. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Kama angemchukia ingekuwa rahisi kusimama, au rahisi kukataa.

Wasaidizi wakaamriwa watoke. Papa Alexis akamtia kinga ya meno mdomoni, akashuka, akashika mguu wa kiti ili akivute bondia atakapoinuka. Kengele ililia. Plamedi akatoka kwenye kona yake, mikono juu, akafika katikati ya ulingo, akajikuta peke yake.

Constantin alikuwa amekaa.

"Inuka," Papa Alexis akanong'ona nyuma yake, akikivuta kiti. "Inuka, mwana. Inuka tu, hata usipige."

Mwamuzi alikuja mbio, akamtazama macho, akamwonyesha vidole, naye Constantin akavitaja kwa usahihi. Hakuwa ameanguka, hakuwa amezimia, na kwa kuwa mwamuzi hakujua afanye nini kingine na mtu mzima aliyekaa tu, alianza kuhesabu kwa Kifaransa. Un. Deux. Watu waliokuwa wamesimama juu ya madawati walinyamaza kwa mshangao, kisha wakaanza kumwita kwa jina lake la mtaani. Muntu wa Chuma! Trois. Quatre. Aliwasikia. Miguu yake ilikuwa mizima, ingeweza kuinuka wakati wowote, na ilimlazimu kuizuia kwa bidii kubwa kuliko aliyotumia raundi zote saba. Kwa tano aliuona mkanda mezani, dhahabu yake ya rangi iking'aa juani, kitu kidogo kuliko alivyodhani. Kwa sita kiti kiliacha kuvutwa. Alisikia mzee akipumua nyuma ya kisogo chake. Sept. Huit. Akaitoa kinga ya meno, akaishika mkononi ili asije akajisahau. Neuf.

Kisha yakaisha, na zomeazomea ya Katuba ikapanda na vumbi lake.

Walikuwa wamewapa darasa moja la kubadilishia nguo. Constantin alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani, na Papa Alexis akapiga magoti mbele yake kumkata bandeji kwa mkasi, kwa kuwa kazi ni kazi. Plamedi aliingia akiwa na mkanda begani, si kiunoni, kama mtu aliyetumwa kuupeleka mahali.

"Yaya," akasema, "juu ya nini? Ulikuwa unanishinda."

"Ile ngumi ya ubavu. Ilikuuma?"

Kijana akasita. "Sana, yaya. Nilizani nakufwa."

"Wapi kwanza? Ku ubavu ao ku miguu?"

"Ku miguu. Kisha yote." Akajishika tumbo, akacheka kidogo, na kucheka kukamuumiza tena. "Hata sasa."

"Muzuri," Constantin akasema, na alimaanisha.

Kijana alipotoka, maumivu yalianza kubisha hodi. Pua kwanza. Halafu ubavu wa kulia, kila alipovuta pumzi. Paji la uso, ambalo lilikuwa limekula ngumi kumi bila kusema, likaanza kupiga kama moyo wa pili. Kiganja cha kulia kilivimba, vifundo vikawaka. Alikaa akiyapokea, moja moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakukaza uso. Alisema, "Aa." Papa Alexis akainua kichwa kwa kushtuka, kwa kuwa katika miaka ishirini hakuwahi kuisikia sauti ile kutoka kwa mtu huyu. Akainama tena kwenye bandeji, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mlangoni alikuwa amesimama Wivine, bado na nguo za misa. Hakuna aliyejua nani alimwambia, au kama alikuwa amesimama nje ya ukuta wa shule tangu mwanzo. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama mzee aliyepiga magoti akilia juu ya mkasi. Siku zote humsalimu Papa Alexis kwa kukunja goti, kama mkwe. Leo alisimama wima kwa muda mrefu, mpaka ikawa wazi kwa wote watatu kwamba salamu haitakuja. Halafu akamwondolea mkasi mkononi, bila ukali, akaukalisha ule mwili mzee kwenye dawati la pili.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

Constantin alimtazama Papa Alexis, na Papa Alexis akatazama ubao wa darasa. "Alisema tuende kwa docteur," akajibu.

Wivine hakuuliza zaidi. Akakaa mbele ya mumewe, akamalizia bandeji ya kushoto mpaka vidole vikatoka vyote, pamoja na kile kilichoungua. Akakishika kiganja kwa mikono yake miwili.

"Sema fasi yenye inakuuma," akasema. "Yote. Usiruke hata moja."

Akaanza. Akataja pua, ubavu, paji, mkono wa kulia na kila kifundo chake, goti ambalo lilikuwa likimsumbua tangu masika na hakuwahi kulisema, meno ya nyuma, kisogo. Ilichukua muda. Aliposita Wivine alimngoja, na alipoendelea aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea ujumbe wa kupeleka mbali. Alipomaliza yote akateremsha macho kwenye mkono wake wa kushoto uliokuwa mikononi mwa mkewe, akaviangalia vifundo vya Wivine, jinsi vilivyopauka, ndipo akajua kwamba alikuwa ameshikwa kwa nguvu.